Gemu si sumu, sumu ni kucheza bila zamu

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti mwaka 2023, yapata saa nane mchana, pikipiki iliingia kwa kasi katika ua wa zahanati ninakotibu. Ilikuwa imebeba watu watatu: mwendeshaji, mvulana wa miaka 14 aliyelegea kama nguo mbichi, na nyuma yake mwanamume aliyemkumbatia asije akaanguka. Kabla hata hajashuka, mwanamume huyo aliniuliza kwa sauti ya kutetemeka, "Daktari, nimemuua mtoto wa watu?"

Mwanamume huyo anajulikana na kila mtu katika mji wetu, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Mombasa. Jina lake na la mji nitayahifadhi, kwani mgonjwa wangu angetambulika mara moja. Yeye ni fundi wa redio, runinga na simu, na kila mwisho wa mwezi huandaa mashindano ya michezo ya video, ile ambayo vijana wetu huiita gemu. Mvulana alikuwa ameanguka huko mashindanoni, mbele ya runinga, akatupa mikono na miguu, akatokwa na povu na kujikojolea.

Mtoto hakufa. Alipofikishwa kwangu mtetemeko ulikuwa umekwisha na alikuwa akipumua vyema, ingawa alikuwa ameuma ulimi na hakujua yuko wapi. Kwa daktari yeyote, hizo ni dalili za kifafa. Kwa mama yake, aliyewasili baada ya nusu saa akiandamana na majirani, hiyo ilikuwa kazi ya mashetani yaliyomo ndani ya mashine za fundi.

Jumatatu iliyofuata wazee watatu walinijia na ombi. Walitaka niwaandikie barua ya kitaalamu wampelekee chifu, ili mashindano yapigwe marufuku na mashine zitwaliwe. Nakiri kwako, ndugu msomaji, kwamba nilishika kalamu. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nimewaambia wazazi kuwa gemu ni sumu kwa watoto. Barua ile niliiandika hadi nusu. Leo nataka nikueleze ni kwa nini sikuimaliza.

Aliyoyasema mvulana

Jioni ya siku hiyo hiyo mvulana alirudi ili nimtazame tena, nami nikamwomba mama yake atuachie faragha kidogo. Nilimwuliza maswali ambayo siku ya Jumamosi hakuwa na akili ya kuyajibu. Alinieleza kwamba kwa muda wa mwaka mzima mikono yake ilikuwa ikishtuka ghafla nyakati za asubuhi, hata akawa anamwaga chai. Alikuwa ameanguka mara mbili kwenye gwaride la asubuhi shuleni, na walimu wakadhani ni njaa. Mwisho akainamisha kichwa na kuniambia siri yake: usiku wa kuamkia mashindano alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, akicheza gemu kwenye simu ya mama yake hadi saa tisa. Asubuhi akatoka nyumbani bila kutia kitu tumboni.

Yaunganishe hayo, msomaji. Mikono kushtuka asubuhi, umri wa kubaleghe, kukosa usingizi. Kuna aina ya kifafa kinachoanza ujanani chenye dalili hizo hasa, na mwenye nacho huweza kuangushwa upesi na mambo mawili: usingizi haba, na mwangaza unaowaka na kuzima kwa haraka. Gemu haikumpa mtoto huyu kifafa. Alikuwa nacho tayari, na hakuna aliyekijua.

Sasa fikiri. Kama asingalianguka mbele ya watu wapatao arubaini mchana kweupe, angalianguka wapi? Pengine kitandani peke yake, uso ukiwa umezama kwenye mto. Pengine jikoni karibu na moto. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba robo tatu ya wenye kifafa katika nchi maskini hawapati matibabu wanayoyahitaji, ilhali hadi watu 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ipasavyo. Mvulana huyu alitoka katika kundi la wasiotibiwa kwa sababu alianguka hadharani, na kwa sababu fundi hakukimbia.

Fundi na daftari lake

Niliona si haki kumhukumu mtu kabla ya kuiona kazi yake. Jumamosi ya mwisho ya Septemba nilifunga zahanati mapema, nikaenda.

Fundi huyu apenda mashine jinsi wengine wapendavyo ng'ombe. Kibanda chake kimejaa redio zilizotupwa na wenyewe, ambazo yeye huzifungua, huzilehemu na kuzifufua kwa raha yake tu. Amejiundia kompyuta kutokana na vipande vya kompyuta tatu mbovu. Nyingi ya mashine zake za gemu ni PlayStation 2, aina iliyotolewa nchini Japani mwaka 2000 na ambayo iliachwa kuundwa mwaka 2013. Yeye huzinunua zikiwa zimeharibika, kwa bei ya kutupa, kisha hukesha akizitengeneza. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mashindano hayafanyiki kibandani. Hukodi ukumbi wa kanisa kwa siku moja. Nilikuta madirisha yote wazi, runinga nne, na mlangoni meza ndogo yenye daftari la shule. Atakaye kucheza hulipa shilingi 20, huandikwa jina, kisha hungoja zamu yake. Mechi ni dakika 10. Anayeshindwa humpa mwenzake pedi, hutoka nje na kujiandikisha upya mwishoni mwa foleni. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na pale ukiruka foleni unafukuzwa kwa siku nzima. Hakuna kuwekeana pesa. Mshindi wa siku hupewa madaftari na kalamu.

Waliokuwa wakingoja hawakukaa. Walikuwa uani wakipiga mpira wa makaratasi, wakibishana juu ya Arsenal na Manchester United, wakinunua mandazi kwa mama aliyetandaza biashara yake chini ya mwembe. Wasichana walikuwapo, nao wakiwafunga wavulana. Mzee mmoja mstaafu wa reli alicheza na mjukuu wake, akafungwa mabao manne, akatoka akicheka hadi machozi yakamlenga.

Kama ilivyo desturi ya kazi yangu, nilitoa saa nikapima. Nilimchagua kijana mmoja nikamfuata kwa macho. Katika saa nne nilizokaa pale, alikaa mbele ya runinga kwa muda usiofika saa nzima. Saa zilizobaki alikimbia, alisema, alikula, alicheka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dawa niliyokuwa nikiitafuta kwa kalamu na barua fundi alikuwa nayo tayari. Dawa yenyewe ni zamu.

Wala si jambo geni. Mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya aina hii uliundwa mwaka 1958 na William Higinbotham, mwanafizikia wa maabara ya Brookhaven katika jimbo la New York, Marekani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa mmoja wa waliounda vyombo vya umeme vya bomu la atomiki, na baada ya vita akawa mstari wa mbele kupinga kuenea kwa silaha hizo. Maabara ilikuwa na siku za kuwakaribisha wananchi, naye akaona maonyesho yao yanachosha. Basi alichukua chombo cha kupimia mawimbi ya umeme, chenye kioo kidogo, akakifanya kionyeshe mpira wa tenisi ukirushwa huku na huku. Wageni walipanga foleni ndefu, kila mmoja akingoja kucheza. Kwa hivyo mchezo huu ulianza kama sherehe ya watu wengi, na simu ya mfukoni ndiyo iliyokuja baadaye ikaufanya kuwa jambo la mtu mmoja gizani.

Madhara ni ya kweli

Usinielewe vibaya. Sijabadilika nikawa wakili wa gemu. Madhara yapo, na ni wajibu wangu kuyataja.

La kwanza ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja, na mdogo wake wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Mtoto asiyelala husinzia darasani, huwa mkali kwa sababu ndogo, na husahau aliyosomeshwa. Akiwa na kifafa, umeona yatokeayo.

La pili ni macho. Mtu anayekodolea kioo husahau kupepesa, macho yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 na atazame kitu kilicho mbali, kiasi cha mita 6, kwa sekunde 20. Aidha, watoto wanaoshinda ndani wakitazama vitu vya karibu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kutoona mbali. Mchana wa nje ni kinga, na haununuliwi.

La tatu ni mikono. Mwaka 1990 jarida mashuhuri la matibabu la Marekani lilichapisha barua ya daktari juu ya mgonjwa aliyeumwa kidole gumba kwa kubofya pedi ya gemu kwa saa nyingi mfululizo. Hakuwa mtoto, alikuwa mwanamke wa miaka 35. Kano za kidole gumba huvimba zinapotumiwa bila kupumzishwa, na maumivu huweza kupanda hadi kwenye kifundo cha mkono.

La nne ni mwangaza. Miongoni mwa wenye kifafa, karibu 3 katika kila 100 huangushwa na mwangaza unaowaka na kuzima kwa haraka, na wengi wao ni watoto na vijana. Mnamo Desemba 16, 1997, mamia ya watoto wa Japani walipelekwa hospitalini kwa usiku mmoja baada ya kutazama katuni ya Pokémon iliyokuwa na mwangaza wa namna hiyo. Ukumbi wenye taa, na kukaa mbali na runinga, hupunguza hatari hiyo. Chumba cha giza huiongeza.

La tano ni hewa. Vibanda vingi vya gemu mijini ni vya mabati, havina dirisha, na vijana ishirini hubanana humo kutwa. Mmoja akiwa na kifua kikuu kisichotibiwa, wengine huvuta hewa ile ile. Dirisha wazi ni tiba ya bei nafuu kuliko dawa za miezi 6.

La mwisho ni utumwa. WHO imekubali kwamba kuna ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu. Uliingizwa katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini soma masharti kabla hujambandika mwanao jina hilo. Ni lazima ameshindwa kujitawala, gemu iwe imetangulia mambo yote mengine ya maisha, na aendelee nayo hata anapoona inamharibia. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kwa miezi 12. Mtoto aliyechelewa kuja kuteka maji kwa sababu ya mechi moja si mgonjwa. Ni mtoto.

Kwa upande wa pili, wapo wanaosema gemu hunoa akili. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uligundua kwamba madaktari wa upasuaji waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa 3 kwa juma walifanya makosa machache, kwa asilimia 37, katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera kuliko wasiocheza. Nimeusoma kwa furaha na kwa tahadhari. Waliochunguzwa walikuwa 33 tu, na yamkini mikono yao ilikuwa myepesi tangu awali. Usimpe mwanao pedi ukitarajia awe daktari.

Nilimwandikia chifu nini

Nilipomweleza fundi kwamba wazee wanataka afungiwe, hakukasirika. Aliniambia, "Daktari, wewe niandikie masharti nami nitayabandika ukutani. Mkinifungia, watoto watarudi kwenye simu, na simu haina mlango wa kufunga."

Maneno hayo yalinichoma, kwani nyumbani kwangu kuna binti wa miaka 11. Jioni nyingi, nikiwa nimechoka na wagonjwa, nimempa simu yangu ili nipate kupumzika. Nilikuwa nikiwakemea wazazi wa wenzake mchana, na usiku nikifanya yale yale.

Basi ile barua nusu niliichana nikaandika nyingine. Nilimwomba chifu asiwafungie watoto ukumbi, bali awe mlezi wa mashindano hayo kwa masharti. Nakuwekea masharti hayo hapa, maana naamini yanafaa Kawangware na Kisauni sawa na yanavyofaa kwetu.

Wewe mwenye kibanda cha gemu, weka daftari la zamu. Fungua madirisha na uwashe taa. Runinga iwe mita 2 au zaidi kutoka kwa mchezaji. Usimpokee mtoto saa za masomo wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Ondoa kamari kabisa. Kwa aliye chini ya miaka 18 ni kinyume cha sheria. Na umwulize kila mgeni kama amewahi kuanguka kifafa.

Mtu akianguka, mlaze ubavu, mwondolee vitu vigumu vilivyo karibu, mlegezee nguo shingoni, na utazame saa. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Usimnusishe kiatu wala kitunguu. Usimkandamize. Mtetemeko ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitalini. Hata ukikoma mapema, kama ni mara yake ya kwanza kuanguka, lazima aonwe na daktari.

Wewe mzazi, usipige vita gemu, piga vita upweke na usiku. Simu zote za nyumba zilale mahali pamoja, sebuleni, kuanzia saa tatu. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kujishughulisha kimwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Hizo zitangulie gemu. Nawe nenda siku moja ukaketi unakochezea mwanao, hata ufungwe mabao manne.

Wewe uliye katika serikali ya kaunti, una kumbi za jamii zilizofungwa kwa kufuli mwaka mzima zikingoja mikutano. Mpe fundi kama huyu ukumbi mmoja, Jumamosi moja kwa mwezi, na umpe masharti. Msako wa polisi wa kubeba runinga kwenye karandinga hujaza magazeti kwa siku moja, lakini haujapunguza hata saa moja ya simu chini ya blanketi.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto anayecheza mbele ya watu wanaomjua ana macho arubaini ya kumtazama. Anayecheza peke yake usiku hana hata jicho moja.

Chifu alikubali. Mvulana alipelekwa hospitali kubwa akapimwa mawimbi ya ubongo, akaanzishiwa dawa, na kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuzianza hakuanguka tena. Mama yake, ambaye alikuwa wa kwanza kudai ukumbi ufungwe, ndiye aliyemwomba fundi ampe mwanawe kazi. Mvulana hachezi tena zile gemu zenye miale ya kumemetuka, lakini huketi mlangoni na lile daftari, akiita majina. Jumamosi moja nilifika na binti yangu nikidhani daktari ana heshima zake. Aliniandika nambari 17, akaniambia ningoje zamu.

Nami, ndugu msomaji, nakuachia swali moja tu la kujiuliza jioni ya leo kabla hujazima taa: simu ya mwanao inalala wapi?